Ufa wa Raketi Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinifundisha kwamba hata ugomvi una adabu yake, na huu ni ugomvi. Nakuandikia hadharani, wasome wote waliokulilia, kwa kuwa wiki mbili zilizopita walikuja kuomba raketi yako.

Alikuja mwenyekiti wa wanafunzi wako wa zamani, kofia mkononi, bodaboda ikimsubiri nje. Wanataka kuitundika ukumbini Jumamosi hii, siku ya kumbukumbu yako, na maandishi chini yake: kwamba ulikuwa mwalimu uliyetoka Tabora ukaja Masasi, ukafyeka pori likawa uwanja wa tenisi, na raketi yako ilipopasuka ukaifunga uzi badala ya kununua nyingine. Aliugusa ule uzi kwa heshima kama anayegusa jalada la msahafu.

"Unaona, Mama Zuhura? Hapa kuna somo la kutunza mali."

Mimi nilikuwapo ilipopasuka, Baba. Na mwanao Yusufu alikuwapo zaidi yangu.

Nianze na wema wako, wasije wakasema nakuonea. Asubuhi ya siku ile ulituita uwanjani. Chokaa ilikuwa imekwisha, ukachora mistari kwa salfa ya kupulizia mikorosho, ikawa ya njano, nasi macho yanatuwasha. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Yusufu kumi na mmoja. Ukatushikisha mpini, mmoja baada ya mwingine, ukapitisha kidole chako cha shahada kati ya ncha za vidole vyetu na kiganja.

"Kidole kikienea bila kubanwa, mpini ni wako," ulisema. "Kikibanwa, ni mwembamba, utakuzunguka mkononi. Kikipwaya, ni mnene, utakuchosha. Mkono ndio unaochagua raketi, siyo jicho."

Kidole chako kilikuwa na joto na vumbi la chaki. Hukuwahi kunigusa kwa upole kama ule, kabla wala baada.

Jioni wakaja wageni, watumishi wenzako kutoka mjini. Ukarusha mpira juu uanzishe mchezo, ukapiga hewa. Yusufu akacheka. Hakukudharau, alicheka kama mtoto anavyocheka mtu mzima akiteleza kwenye tope. Ukaivuka mistari ya njano bila haraka.

"Nyoosha mkono."

Akaunyoosha, akidhani ni kiganjani kama siku zote. Ukaigeuza raketi, ukamshushia ukingo wa mbao kwenye kifundo.

Mlio ulikuwa mmoja, vilivyovunjika vilikuwa viwili. Nawe ukaitazama raketi kwanza. Uliiinua juu, ukaielekeza kwenye mwanga, ukapitisha kidole kwenye ufa, kidole kilekile cha asubuhi. Yusufu alikuwa amepiga magoti, salfa imemjaa usoni, mkono umepinda juu kidogo ya kifundo, mahali pasipo na kiungo. Wageni wakageuka kutazama mikorosho. Mama ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka kwa mganga wa mifupa. Raketi uliifunga mwenyewe, kwa uzi uliopakwa nta, na uliifunga vizuri kuliko alivyofungwa mwanao.

Nilimweleza mwenyekiti haya yote. Akakuna shingo.

"Enzi zile tulichapwa wote, Mama Zuhura. Hata mimi alinichapa. Leo si ni mtu?"

"Mtu gani?"

Nami namuuliza tena hapa, yeye na wote wanaoficha fimbo nyuma ya sentensi hiyo: tumekuwa watu gani? Tumekuwa watu wa kutazama mikorosho mtoto akivunjwa. Tumekuwa watu wa kuona ufa na kuuita somo. Nimesoma vitabu vingi, vya kabati lako na vilivyokupinga, na bado sijaona mfupa uliojifunza adabu kwa kupasuliwa.

Yusufu sasa ni fundi cherehani Newala. Anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, maana kifundo cha kulia hakigeuki. Mwezi uliopita alishuka Masasi akaniambia, akitazama chini, kwamba anataka kucheza tenisi. Kuna uwanja wa saruji nyuma ya nyumba za watumishi, watu wazima hucheza pale jioni. Tukaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya michezo. Alikuwa na raketi sita.

"Chukua hii, kaka. Nzito, kichwa kidogo. Mwanaume ashike kitu."

Yusufu alikuwa ameshaikodolea macho hiyohiyo. Alipoishika, jasho likamtoka juu ya mdomo. Ilikuwa na uzito wa yako.

"Iweke," nikamwambia.

"Dada, si ndiyo ya wachezaji?"

"Ya mchezaji mwenye kifundo kinachogeuka. Wewe unataka nyepesi, yenye kichwa kipana, ukikosea kidogo isikuadhibu. Na nyuzi zisikazwe mno, zitakurudishia kishindo chote mkononi."

"Huyu dada yako ni polisi?" yule mama akamuuliza.

"Afadhali angekuwa polisi. Anaandika magazetini."

Tukachagua ya buluu. Nikamshikisha mpini, nikapitisha kidole changu. Kikaenea bila kubanwa. Niliona hasira, Baba, kwamba kipimo chako ni cha kweli.

Jioni ile alirusha mpira juu, akapiga hewa. Akacheka mwenyewe. Hakuna aliyeuvuka mstari kumfuata.

Raketi yako nilimwachia yeye aiamulie. Akachukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaandika kwa mkono wa kushoto: "Raketi hii ilipasukia kwenye mkono wa mwanawe, Yusufu."

"Wape," akasema. "Lakini na maandishi haya."

Mwenyekiti aliporudi juzi, alisoma, akaikunja karatasi mara nne.

"Hii haiwezi kutundikwa mbele ya watoto."

"Basi hata raketi haiwezi," nikamjibu. Akavaa kofia, akaondoka.

Nikaileta raketi uani, nikaiweka juu ya gogo, nikachukua shoka. Yusufu alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, unapiga kama yeye."

Shoka lilikuwa limeshafika juu. Sikumjibu mpaka liliposhuka, palepale kwenye uzi. Mimi ni mtoto wako, sikatai. Hasira hii ni yako na bega hili ni lako. Lakini mimi nilipiga mbao.

Msumari wameshaupigilia ukumbini. Jumamosi nitakaa mstari wa mbele na Yusufu kando yangu, tuutazame ulivyo mtupu wakati wakikusifu. Tukitoka hapo tunakwenda uwanjani.

Lala, Baba. Marahaba yako siingoji.

Binti yako wa kwanza