Mtani Aliyelala Kihengeni

Jumatatu, 5 Julai
Mizani tangu jua lichomoze. Unga, mapipa ya maji, risasi. Kila kitu kinapimwa na mimi kabla ya kupanda Kihenge. Jina lake la Kizungu ni refu, lina mfalme ndani yake. Sisi tunasema Kihenge, kama ghala la nafaka: mviringo, tumbo kubwa, mdomo juu. Kilishuka kutoka mawinguni kikakaa juu ya shamba langu la uwele hapa Issuna. Wazungu wake hawakuniomba. Kitabeba askari mia mbili kwenda vita vya huko juu, ng'ambo ya mwezi. Nani kagombana na nani huko, hatujaambiwa.

Biashara nilianza na ngozi tatu za mbuzi. Hesabu nilijifunza kwa kupunjwa madukani. Leo nina mizani yangu na wapagazi wangu, na Bwana Kapteni bado ananiita "boi".

Mpwa wangu Ntandu yumo humo. Walimkamata huko Mungaa akichunga, wakamfanya askari. Anakohoa.

Maganga anashona midomo ya magunia. Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wanyaturu. Askari wanamchokoza: "Maganga, panda bure, kinakwenda kwenu mwezini!" Naye: "Kwetu hatupokei Wanyaturu. Mtatumalizia uwele." Tumecheka. Cha leo ni hicho tu.

Jumanne, 6 Julai
Nimemwomba Kapteni amtoe Ntandu akatibiwe nyumbani. Kasema amri ni mia mbili, si mia moja tisini na tisa. Eti dawa inakuja kutoka bomani.

Haijaja.

Jumatano, 7 Julai
Ntandu amekufa. Kwenye kitanda chake cha turubai, humo humo. Dada yangu, mama yake, ametembea kutoka Mungaa, amefika amechelewa.

Alhamisi, 8 Julai
Tumemzika pembeni mwa shamba. Kapteni hakuja.

Tulipokuwa tunarudi kutoka kaburini, Maganga akapanda ngazi ya Kihenge, akajilaza kwenye kitanda cha marehemu. Sauti yake ikatoka mlangoni: "Mvivu huyu kaogopa safari, kaniachia kitanda! Sitoki mpaka kuku! Tena mnono, si mkavu kama wajomba zake!" Ndivyo inavyotakiwa. Mtani akilala mahali pa maiti, wafiwa wamtoe kwa kitu. Dada yangu kacheka huku analia, mara ya kwanza tangu jana. Nikaenda kutafuta kuku.

Nimerudi naye kwapani. Ngazi imezuiwa.

Nimeelezwa hivi. Kapteni aliingia kuhesabu watu. Akamkuta Maganga, akauliza huyu nani. Askari mmoja, kwa mzaha: "Mwache, Bwana, huyo anarudi kwao mwezini." Mkalimani wa Kapteni akageuza neno kwa neno: mtu huyu kwao ni mwezini, anataka kurudi. Mkalimani anaujua utani. Kwao pia upo. Lakini hakuulizwa maana, aliulizwa maneno.

Kapteni alifurahi. Hesabu yake ilikuwa imepungua mmoja.

Wamefunga mlango. Mimi nimesimama na kuku.

Ijumaa, 9 Julai
Nimekwenda hemani kwa Kapteni asubuhi. Nimeeleza utani wote, polepole. Matusi ya Maganga si matusi. Kulala kwake si kulala. Ana mke na watoto Unyambwa. Akauliza, alipanda kwa miguu yake? Ndiyo. Alilala kwenye kitanda cha askari? Ndiyo. Basi.

Nikamwonyesha kuku. Alidhani ni rushwa. Kakasirika.

Kisha akanipa kazi. Maganga ni mzito kuliko Ntandu, nitoe gunia dogo moja la unga ili uzito ubaki ule ule. Nimelitoa. Mshono wa Maganga, ule wake wa kupishana. Namchukia Kapteni. Namchukia mkalimani zaidi.

Pana tundu la hewa upande wa chini wa Kihenge, karibu na mizani. Maganga aliijua sauti yangu.

"We Mnyaturu! Kuku wangu yuko wapi?"
"Ninaye."
"Mnono?"
"Mwembamba. Kama mkeo."
Akacheka sana. Kisha akasema, taratibu, "Ndugu yangu, mchezo umekwisha. Waambie wanitoe."

Nikamwambia nimeshawaambia.

Jumamosi, 10 Julai
Kimeondoka kabla ya saa sita. Moto, vumbi, mbuzi wamekimbia mpaka bondeni. Askari wa zamu alinisukuma nyuma ya kamba. Nilimwinua kuku juu kwa mikono miwili ili Maganga amwone, kama kuna dirisha upande ule. Sijui kama lipo. Wapagazi wamenitazama kama mwendawazimu. Watazame.

Kapteni mwenyewe kabaki chini; kanishukuru kwa mizani sahihi.

Jumanne, 13 Julai
Nimekwenda Unyambwa kwa mke wa Maganga. Nimemkabidhi shazia yake, ile sindano ya magunia. Akaniuliza, "Shemeji, ni kweli amekwenda kwao?" Watu walishamfikia na mzaha. Nilitaka kumpiga aliyeuleta. Nikamwambia kwao ni hapa.

Alikataa kumpokea kuku. Kasema ni mali ya mumewe, atamchukua mwenyewe.

Jumapili, 18 Julai
Shamba limebaki duara jeusi. Halitaota kitu mwaka huu. Nimepanga kupanda uwele pembeni, mvua zikija.

Asubuhi mwezi ulikuwa bado upo, mweupe, upande wa machweo. Kijana wa jirani akausema utani ule wa Wanyamwezi. Hakuna aliyecheka.

Nimewaza kifo changu. Siku hiyo nani atajilaza mahali pangu, anitukane, awachekeshe dada zangu?

Kuku ametaga kwenye gunia lile nililolitoa. Dada kauliza tumchinje lini. Nimemwambia huyu hachinjwi, ana mwenyewe.