Gitaa Jekundu Linalochuja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa asubuhi asubuhi, hata kufagia hatujamaliza. Solo — yule mpiga gitaa niliyempakia gitaa lake rangi nyekundu mwezi uliopita — kaingia karakana yetu ya magitaa ameshika shati jeupe kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. Shati lote lina wekundu! Tumboni, ubavuni, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Alikuwa anapiga kwenye harusi. Mchana, jua kali, jasho linamtiririka. Anasema mama wa bwana harusi alimtazama mara moja tu akapiga yowe: kachomwa kisu! Muziki ukakatika. Wanaume wanne wakamlaza chini, wakamng'oa vifungo, wakatafuta kidonda. Kidonda hakuna. Gitaa ndilo linalochuja.

Ningecheka kama isingekuwa rangi yangu.

Akasema gitaa letu linachuja kama nguo ya mnadani. Akasema hakuna bendi mji huu ambayo haitasikia. Kaka akawa anaitikia tu, pole, pole sana, huku ananitolea macho mimi. Baba alimwachia yeye karakana, mimi akaniachia bunduki ya kupulizia rangi, na tangu hapo kila kizuri ni cha karakana na kila kibaya ni cha bunduki.

Nikasema wazi: mimi rangi yangu haichuji. Miaka kumi na saba! Nakoroga rangi ya unga kwenye spiriti, naipaka kwenye mbao. Ikikauka napiga sila mara mbili, kuifungia ndani. Mzee Msasa, fundi wetu mkongwe, anaisugua sila kwa msasa. Mimi namalizia na laka. Ikichuja, sila imetobolewa. Na anayesugua ni nani?

Mzee alikuwa pale pale, msasa mkononi. Wifi — mke wa kaka, ndiye anayenunua vifaa na kupokea wateja — akakohoa. Kikohozi chake hicho nakijua. Si cha mafua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshusha magitaa mekundu yote yaliyoning'inia. Sita. Manne yameharibika! Ule ukingo mweupe wa plastiki unaozunguka mwili umekuwa wa waridi, kama ufizi. Nikapitisha kitambaa chenye unyevu — chekundu. Nikapitisha kingine — chekundu.

Nikampelekea mzee kitambaa hadi puani. Nikamwambia atazame kazi yake. Akavaa miwani, akatazama kitambaa, akatazama gitaa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo polepole kama anayepapasa uso wa mtoto.

"Binti, mkono wangu haujafika kwenye mbao. Hapa sila ipo. Ila haijashika."

Haijashika! Ananifundisha sila! Nikamwambia macho yake yamekwisha, mkono unatetemeka, na ni aibu mtu kung'ang'ania kazi mpaka kazi imkimbie. Nilisema kwa sauti. Mafundi wote walisikia. Huyu mzee aliajiriwa na baba kabla mimi sijang'oa meno ya utoto, na aliyenifundisha kushika msasa ni yeye. Ndiyo, najua! Kwa hiyo tuharibu magitaa kwa heshima?

Kaka akamwambia akapumzike nyumbani kwanza. Mzee akakung'uta vumbi kwenye aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya benchi lake. Akaniaga mimi wa kwanza. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesugua mwenyewe. Gitaa moja tangu mwanzo: rangi, sila mara mbili, msasa, laka. Mabega yanawaka. Sikujua kazi ile inaumiza namna hii — lakini simwambii mtu.

Wifi kaja mlangoni na chai yake, hakuniletea. Akasema, eti anawaza tu, kwamba karakana hii ina bahati: lawama siku zote humpata asiyezaliwa na mwenye karakana. Nikamuuliza kama amekuja kuwaza au kufanya kazi. Akasema yeye kazi yake ni kupokea wateja, na wateja hawaji.

Mdomo kama wembe. Kaka aliuona wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Limechuja.

Langu! Nililosugua kwa mikono yangu hii! Nimepitisha kitambaa saa nne asubuhi — safi. Nikashukuru Mungu. Saa nane mchana nikalitazama dirishani. Ukingo wa waridi. Na kwenye laka yenyewe, juu ya mbao, mawingu mekundu, kama chai iliyomwagiwa maziwa bila kukorogwa.

Nikakaa juu ya ndoo kama dakika kumi. Kisha nikasimama, maana jibu lilikuwa wazi. Si mzee peke yake. Ni sila mbovu! Na anayenunua sila ni nani?

Nikaenda kaunta nikaligonga kopo mbele ya wifi. Nikamwambia anatuletea uchafu. Akafungua daftari, akanionyesha: duka lile lile, kopo lile lile, tangu enzi za baba mkwe wake. Nikasema basi wanakuchanganyia. Akasema, "Wifi, wiki hii umeshamla mzee. Mimi sitamezeka, nina mifupa."

Kaka akatoka ofisini akapiga kelele tunyamaze. Halafu nikasema jambo kuhusu mama yake wifi ambalo sitaliandika hapa.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani siku nzima. Nimebandika wali, nikakaa na kitabu humo humo jikoni, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Mama kaja kutoka uani anakohoa, kajifunika pua na upande wa nguo. Kafungua madirisha yote mawili. Sufuria jeusi ndani, moshi umetanda.

"We mwana! Unachoma nyumba na wewe umo?"

Nikamjibu vibaya. Nikasema nimechoka, kila mtu ananikaripia, kazini na nyumbani. Mama hakukasirika. Akaniuliza tu.

"Hunusi?"

Nikasema nanusa. Akasema si mara ya kwanza. Kuna maziwa yaliyochacha niliyoyanywa yote mwezi wa kwanza. Kuna paka aliyekufa nyuma ya tangi, nikampita siku tatu. Akasema alidhani ni mawazo ya kazi.

Mama alipolala kidogo mchana nikaingia jikoni kama mwizi. Kitunguu — nikakikata, nikakiweka puani. Macho yalitoka machozi. Harufu hakuna. Sabuni. Mafuta ya taa. Siki. Kiatu changu mwenyewe! Hakuna. Kama kunusa ukuta.

Tangu lini? Barakoa ya kazini huwa siivai vizuri, inanitoa jasho. Baba naye hakuivaa kabisa, na mwisho wake alikuwa anakula chochote bila kusema kitamu wala kibaya. Tulidhani ni upole wa uzee.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla ya wote. Nimejifungia.

Makopo mawili makubwa, yanafanana kama mapacha, hayana maandishi. Moja spiriti, moja tina. Baba hakutaka lebo. "Pua ndiyo lebo," alikuwa anasema, na mimi nikawa nalisema hilo kwa majivuno kwa kila mgeni. Spiriti ni ya kuyeyushia rangi. Tina ni ya kulainishia sila. Ukilainisha sila kwa spiriti, hujaifungia rangi — umeiita itoke nje!

Nikafungua yote mawili. Nikanusa mpaka kichwa kikazunguka. Maji na maji.

Nikachukua lile povu jeupe lililofungia televisheni ya ofisini. Tina hulila povu, spiriti hailigusi. Hata mtoto anajua. Nikadondosha kutoka kopo la kushoto, ambalo kwangu ni la spiriti. Povu likazama, likatoboka, shimo la ukubwa wa kikombe. Nikadondosha kutoka la kulia, ninalolainishia sila kila siku. Tone likakaa juu ya povu, linang'aa. Linanitazama.

Wifi ndiye aliyepanga rafu upya mwezi wa kwanza! Aliyabadilisha yeye! Nilitaka kukimbia barabarani nimsubiri. Nilishafika mlangoni.

Lakini nimeyafungua makopo hayo kila siku tangu mwezi wa kwanza. Kila siku nimeinamia. Mpiga rangi wa wiki moja angejua kwa kuinua kifuniko tu.

Nikayarudisha kila moja mahali pake pa zamani. Nikapaka gitaa jipya, sila kwa tina. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 12 Machi

Halijachuja. Ukingo mweupe kama jino. Laka imetulia, unaweza kuchana nywele ukijitazama. Kaka kalizungusha kwenye mwanga mara tatu, akaita mafundi wote waje waone.

"Mnaona? Tangu mzee aondoke, hakuna kinachochuja!"

Akanipiga bega. Kaka! Hajanipiga bega tangu msiba wa baba. Akasema ameshampata mtu mwingine wa msasa, ataanza wiki ijayo. Akasema nilikuwa sahihi tangu mwanzo na yeye alichelewa kwa sababu ya huruma.

Nilitaka kukiri. Nilifungua mdomo — naapa nilifungua — ikatoka, "Asante, kaka."

Alhamisi, 13 Machi

Wifi ananichukia vizuri, hachoki.

Leo mchana kaingia chumba cha rangi, kafunga mlango kwa kisigino. Mkononi kitambaa kilicholowa. Kakinyoosha mpaka karibu na uso wangu.

"Wifi, hebu nisaidie. Kopo limemwagika kule kaunta, sijui ni lipi. Hii ni nini?"

Nikainama. Nikanusa kama ninavyonusa siku zote, macho nimeyafumba, kwa madaha. Kimya ndani ya pua. Nikachagua.

"Tina."

"Ni maji ya bombani."

Kompresa ya kupulizia rangi ikawaka yenyewe, ikazima. Akatoa kwenye mfuko wa aproni kipande cha povu chenye shimo. Kumbe nilikitupa kwenye pipa la kaunta, kwa haraka ya Jumatatu.

Nikamwambia yeye ndiye aliyebadilisha makopo. Akasema inawezekana, alikuwa anafuta vumbi, hakuna aliyemwambia kwamba vumbi la ukoo huu halifutwi. Akasema atakiri hilo mbele ya mumewe dakika hiyo hiyo. "Na wewe utakiri lako?"

Nikamwambia atoke. Akatoka. Mlangoni akageuka, akasema mke wa mzee kampigia simu. Mzee hajala vizuri tangu Jumanne ile. Anakaa kitandani anaitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku. Anamuuliza mkewe kama inatetemeka.

Sikulia. Nilipiga sila kwenye shingo tatu za magitaa, zote zikatoka na matone. Nikazisugua upya, kwa hasira, mpaka kwenye mbao. Hiyo ndiyo sila iliyotobolewa!

Jumamosi, 15 Machi

Saa tano asubuhi. Nasubiri laka ikauke, naandika huku chumba cha rangi, daftari juu ya pipa.

Kaka ana mpango wake. Kasikia habari za mzee, roho imemuuma. Kaamua kumrudisha — si kwenye msasa, kwenye kufagia na kufungia mizigo. Lakini kwa sharti. Solo anakuja leo kuchukua gitaa lake lililopakwa upya, na kaka anataka mzee amwombe radhi uso kwa uso, mafundi wote wakiwepo, ili bendi zote zisikie kwamba karakana imesafishwa. Kaka anaona hiyo ni busara. Kaniuliza kama naridhika! Nikasema tutazungumza baadaye. Akasema baadaye lini, wako njiani.

Wamefika. Nawaona kupitia kioo. Solo kaketi kwenye meza, miguu inaning'inia, gitaa mapajani. Mafundi wamejipanga ukutani kama wanaopigwa picha. Wifi yuko kaunta. Kaka anaongea kwa mikono.

Mzee kaingia na mkewe. Kavaa koti, kama mtu aliyeitwa benki. Kanyoa ndevu, kajikata kidogo kidevuni. Anawapa watu mkono mmoja mmoja, na kila akishatoa mkono anaurudisha upesi mfukoni. Hataki wauone.

Mkewe kaniona kupitia kioo. Kanipungia. Hajui! Mzee hakumwambia ni nani aliyemsema.

Kaka anamwonyesha mzee pa kusimama. Mzee anasogea. Anavua kofia. Solo kateremka mezani — hata yeye kaona aibu, anasema hakuna haja, mzee wangu, hakuna haja — kaka anasema haja ipo.

Wifi kageuka. Hamtazami mzee. Ananitazama mimi.

Nasikia sauti ya mzee sasa, ndogo, ya heshima: "Mwanangu, mimi ni mtu mzima, mikono yangu hii—"

Mlango uko hatua tatu. Nimesimama. Naandika nimesimama.