Mkono Usiodaiwa Maji

Kambi ya reli, Dodoma
Shaabani 1328

Mama yangu mpenzi,

Nashika miguu yako. Natumai wewe na dada Jaha hamjambo huko Mpwapwa. Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto uliangukiwa na chuma cha reli. Mganga wa Kidachi akaufunga kitambaa, akasema usiguse maji.

Lakini Mbwana, mnyapara wetu ambaye pia hutusalisha, alinitoa safuni mbele ya watu. "Huna udhu. Sala yako ni mchezo." Nikaona haya, nikafungua kitambaa, nikaosha. Sasa mkono umevimba na unanuka. Nifanyeje, mama? Wewe ndiwe uliyesomeshwa na babu.

Mwanao,
Zaidi

Mpwapwa, Shaabani

Mwanangu Zaidi,

Marahaba. Sisi tunaamka salama, mtama tumekwisha vuna. Barua yako nimeisoma nikashindwa kula.

Usikifungue tena kitambaa hicho! Mola hakumtaka mja wake ajiue kwa maji. Osha palipo pazima, pitisha kiganja kilicholowa juu ya kitambaa, kisha tayamamu kwa vumbi safi. Sala yako ni sala. Rudi safuni usimame. Akikuuliza nani kakufundisha, mtaje mamako, binti Bushiri, wala usiinamishe kichwa.

Mamako,
Stara

Dodoma, Shawali

Shikamoo mama,

Niwie radhi kwa kimya, nilikuwa kitandani. Jaha naye mpe salamu zangu.

Nilirudi safuni. Mbwana akasema, "Toka."

"Sitoki. Binti Bushiri kasema sala yangu ni sala."

"Mwanamke ndiye wa kunifundisha mimi dini?"

Akaenda kwa msimamizi Mdachi, akamwambia nasingizia sala ili nikwepe kazi. Nikalazwa kifudifudi, nikala hamsa ishirini za kiboko, ishirini na tano zote. Nilipoinuka nikapiga vumbi lile lile nililolalia, nikapaka uso na mikono, nikasali mbele yao wote, Mdachi akitazama.

Kuna mwenzetu, Hassani, miguu imeliwa na funza. Alikuwa ameacha kusali kwa kuogopa kufukuzwa kama mimi. Akaja akichechemea, akasimama ubavuni pangu. Wakafuata wengine wenye vidonda. Sasa tuna safu yetu, na Mbwana amebaki na wanyapara wenzake.

Lakini mkono, mama, ulikwisha oza tangu siku zile za kuosha. Wameukata juu ya kiwiko. Mbwana anatangaza kambini kwamba mtu wa mkono mmoja hatapata udhu maisha yake. Nataka nisikie kwako kwanza.

Mwanao,
Zaidi

Mpwapwa, Shawali

Mwanangu,

Leo salamu zimenishinda. Nimelia, nimemaliza.

Sikiliza. Kilichokatwa juu ya kiwiko hakidaiwi maji. Osha ulionao, udhu wako umetimia. Wala usijisumbue kumweleza Mbwana, nitamweleza mwenyewe. Jaha anabaki na mbuzi, mimi kesho nashika njia kwa miguu. Amenisihi ningoje mvua. Nimekataa.

Kati yangu nawe iko nyika ya Marenga Mkali. Hakuna maji ya kunywa huko, sembuse ya udhu. Kila sala nitaisali kwa vumbi. Nikifika Dodoma, Mbwana anitazame usoni aniambie sikusali.

Mamako,
Stara binti Bushiri