Macho ya Saidi

Jumatano, Tandika

Halafu nilivyojitangaza! Mtaa mzima unajua kesho mie ndiye dereva, napeleka vigae Kigali, safari yangu ya kwanza kushika usukani.

Leo bosi kanikumbusha: ukishavuka mpaka wa Rusumo, magari yanapita kulia, na usukani wetu nao uko kulia. Ukitaka kulipita lori la mbele, huoni kitu. Anayeona ni utingo, kakaa kushoto kwako. Yeye ndiye anasema nenda au tulia.

Utingo wangu ni Saidi. Jana nilimwambia mbele ya demu wake eti yeye ni mzigo tu, kama vigae.

Jioni nimempelekea chipsi mayai. "Braza, yaishe."

"Dereva mzima unaniogopa mie utingo?"

"Nakuogopa."

Kacheka. Kala zote, kanawa, kaondoka. Kusema yameisha, hajasema.