Maneno ya Bwana Yangu

Kasongo. Jumatatu, 6 Machi 1950

Nimepiga pasi kitambaa cha meza mara ya pili. Mume wangu Gaspari aliona kunjo. Hakusema kunjo. Alisema, "Haiko komilfo." Komilfo ni Kifaransa, maana yake kama inavyopaswa. Tangu aombe ile karte ya merite, neno hilo halimtoki mdomoni.

Karte ni karatasi ya serikali ya kusema mtu mweusi fulani amestaarabika. Gaspari ni karani wa Teritwari, yaani ofisi ya wilaya, anaandika Kifaransa kizuri, anaitaka. Kamati ya wazungu itakuja kutazama nyumba. Watatazama meza, kitanda, choo, na mimi.

Komilfo kwa sahani. Komilfo kwa soksi. Komilfo kwa namna ninavyokohoa. Nalichukia.

Jumatano, 8 Machi

Mama yangu yuko kwetu tangu nilipojifungua. Alitoka Kabambare juu ya lori la mchele, kuku wawili kwapani. Ndiye anayemwogesha mtoto, anamkanda, anamwimbia Kibangubangu.

Leo Gaspari aliniita chumbani. Akasema mtoto asisikie tena lugha ya pori. Asikie Kifaransa tu. Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza.

Lugha ya pori. Kwao Gaspari ni Kabambare vilevile, kijito tu kinatutenga. Jino likimuuma, analia kwa lugha hiyohiyo.

Sikumwambia Mama. Nilimwambia mtoto ana usingizi. Akaacha kuimba.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya misa, Mamuzeli, yule mzungu wa fuaye, darasa la wake za makarani, alinishika mkono. Ndiye anayetufundisha kushona na kupanga meza. Anatuita sote "watoto wangu", hata Mama Tereza, jirani yangu, mwenye wajukuu. Leo akaniambia, "Wewe hauko kama wale wengine."

Alilitoa kama zawadi. Wale wengine ni nani? Dada yangu ni wale wengine. Mama yangu ni wale wengine. Nikasema merci, nikatabasamu. Njiani nilitema mate.

Jumanne, 14 Machi

Kamati inakuja Ijumaa. Gaspari anataka Mama ashinde kwa Mama Tereza siku hiyo. Kwa sababu Mama anakula kwenye mkeka. Kwa sababu hajui uma. Kwa sababu anasema kwa sauti kubwa.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, kwa heshima. Gaspari ametumia heshima hiyo vizuri. Hakwenda kumwambia. Alinituma mimi.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Nitaenda. Kazi yake ndiyo chakula yenu."

"Mama, haukukasirika?"

"Mutoto analia. Mupe ziwa."

Alhamisi, 16 Machi

Walikuja leo, si kesho. Wazungu wawili, mmoja mnene, mmoja kijana. Mama alikuwa uani anatwanga sombe.

Walifungua kabati. Waliinua shuka. Kijana aliingia chooni akatoka akiandika. Yule mnene akasimama mlango wa nyuma, akauliza kwa Kifaransa yule mwanamke ni nani.

Gaspari akasema, "Ni boyesi."

Boyesi, mtumishi mwanamke. Hilo ni neno ambalo hata asiyejua Kifaransa analijua. Mama alilisikia. Mchi ulisimama. Nilidhani ataondoka kwenda kwa Mama Tereza. Hakuondoka. Alinawa mikono, akafunga kitenge chake upya, akaja kulichukua sinia la kahawa mikononi mwangu. Akawapa wazungu. Akampa Gaspari mwisho, kwa mikono miwili, macho chini.

"Bwana," akamwambia. Mkwe wake.

Gaspari akapokea. Akanywa.

Yule mnene akafurahi. Akasema tumemfunza vizuri.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. Kwa Kifaransa, kile nilichofundishwa na masista, neno kwa neno. "Ndiye aliyenizaa."

Mnene alimtazama Gaspari, akacheka kidogo puani. Kisha wakaomba kuona sahani.

Ijumaa, 17 Machi

Gaspari hakwenda kazini. Anasema nimemwua. Anasema ningenyamaza tu, dakika chache, na Mama asingedhurika. Nikamwambia amekwisha kudhurika. Na nikamwambia nikisikia komilfo tena ndani ya nyumba hii, sahani zote zitavunjika.

Baadaye akasema, "Umwambie Mama nimekosa."

"Mwambie mwenyewe."

Kutoka kitini kwake mpaka uani si mbali. Alisimama. Akakaa tena.

Jumanne, 28 Machi

Jibu limetoka. Hapana. Mzungu mkubwa wa Teritwari alimwambia mbele ya makarani wenzake, kwa upole: "Bado kidogo, Gaspari. Haujaiva."

Kama ndizi. Miaka yote ofisini, tai shingoni kwenye jua hili, na bado hajaiva.

Sababu hawakutoa. Gaspari anasema ni mdomo wangu. Labda. Labda ni choo. Labda waliamua kabla hata ya kunywa kahawa yetu. Bado kidogo. Wanaturushia neno hilo wakati wowote, na hakuna anayeweza kulishika.

Amelala na viatu. Mama alimpikia uji. Aliunywa wote, hakuuliza nani amepika. Nilimhurumia. Huruma haikuondoa kitu. Hasira iko palepale.

Ijumaa, 31 Machi

Mama amesema anarudi shambani, karanga zitaozea ardhini. Nilifunga nguo zake, kisha nikafunga za mtoto, kisha zangu.

Gaspari aliuliza nitarudi lini. Nikambeba mtoto mgongoni. Alisema barabara ni mbaya, tumfunike mtoto vizuri. Kwa Kibangubangu alisema hivyo. Labda mwenyewe hakugundua.

Hakutusindikiza kwenye lori.

Kabambare. Jumatano, 19 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Tumeng'oa karanga jana, leo tunazipukusa ndani. Mtoto anakohoa kidogo, si vibaya. Amenenepa.

Dereva wa lori alipita. Kesho anarudi Kasongo. Alisema alimwona Gaspari sokoni, amekonda, anajinunulia muhogo mwenyewe.

Mama aliuliza, "Nani anamupikia?"

Nikasema sijui.

Akaendelea na karanga. Baada ya muda akaondoka, akarudi na samaki wakavu, wale wakubwa wa kuwekewa wageni. Akawafunga kwenye majani ya ndizi, akakaza kamba kwa meno. Akaongeza karanga kwenye kikapu. Akakiweka karibu na mlango, mahali dereva atakapokiona.

Nilimtazama. Sikumzuia. Sikumsaidia pia. Mtoto akaamka, nikamchukua.