Ngoro ya Mdomo

Jumatatu, 9 Machi
Nimefyeka tangu alfajiri. Mteremko wote, peke yangu, na miaka yangu sabini na mitatu. Vijana wa siku hizi wangelala chini. Mchana kaingia Skolastika, mjukuu wangu, kutoka chuo cha ualimu. Macho mekundu. Somo lake la majaribio kafeli. Mkufunzi kamwambia anaongea na ubao, haongei na watu. Ijumaa anarudia. Akianguka tena hapelekwi sekondari kufundisha, anarudia mwaka. Nimemwambia amefika kwa mwenyewe. Kuongea ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 10 Machi
Leo mimi mwanafunzi. Mada yake ni mawasiliano, kutoa maelekezo. Kasoma andalio la somo mwanzo mpaka mwisho, hajaniangalia hata mara moja. Nimesinzia. Nikamwambia mwalimu wetu wa darasa la nne alitumia fimbo, na tulielewa. Kakasirika.

"Haya babu, wewe fundi. Kesho mwelekeze babu Benedi atengeneze ngoro. Kwa mdomo tu. Mikono nyuma."

Benedi ni shemeji yangu, Mnyasa wa Lundo, kule ziwani, kaja kutusalimu na dagaa zake. Ngoro, haya mashimo yetu ya kulima mlimani, yeye huyaona akipita tu. Nimecheka. Hakuna Mmatengo anayeijua ngoro kunishinda.

Jumatano, 11 Machi
Siku mbaya. Nimesema laza nyasi, mistari ikatane, viwe vyumba. Benedi kalaza. Safi kabisa. Nikasema chimba.

"Wapi, shemeji?"

Katikati ya chumba.

"Udongo niupeleke wapi?"

Juu ya nyasi.

"Na maharage yanaingia lini?"

Hata mikono ingefunguliwa isingekuwa na la kuonyesha. Miaka hamsini nimefyeka na kulaza nyasi. Kuchimba na kupanda ni kazi ya wanawake.

"Kumbe Mmatengo mwenyewe anajua nusu," kasema Benedi.

Nimesema jua kali. Ndipo mke wangu Agata, kasimama tu pembeni, akasema bila kuinua sauti: udongo kidogo ufunike nyasi kwanza, maharage juu yake, kisha udongo mwingine kutoka shimoni. Benedi kachimba. Ngoro imetoka. Skola kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kachukua daftari, kaanza andalio jipya. Mimi nimeumia. Sijala dagaa.

Ijumaa, 13 Machi
Skola alirudi chuoni jana. Leo ndiyo leo. Sijagusa jembe. Nimeshika simu tangu asubuhi. Agata kasema simu haiivi kwa kushikwa. Saa nane imelia. Kapita. Mjukuu wangu kapita. Kawakalisha wenzake mgongo kwa mgongo, mmoja aeleze, mwingine achore. Kawasimulia babu yake alivyokwama kwenye maharage. Mkufunzi kacheka mpaka kavua miwani. Anapelekwa sekondari moja kule Mbamba Bay. Nimeuliza kama alitaja jina langu. Alitaja. Vizuri. Benedi kapiga sufuria, nimecheza na goti langu bovu. Agata kanizidi.

Jumatatu, 16 Machi
Ukungu. Nimelaza nyasi, Agata kachimba. Nikamuuliza anajuaje shimo limetosha. Kanitazama kwanza, aone kama nauliza kweli. Akaanza kueleza. Rangi ya udongo, unyevu wake, mama yake alivyomfundisha. Imefika saa sita bado anaeleza. Sikumkatiza. Mimi nikiamua kusikiliza, hakuna wa kunifikia.