Beki Asiyeona Kushoto

Jumanne, mjini Baraka. Joto limekaa juu ya mji tangu asubuhi na mvua inakataa kunyesha. Na mimi nimekwama hivyo hivyo.

Kabla ya Ijumaa kocha anataka jibu: nirudi Glasgow niingie kambini na timu, au niache hoki.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nimezaliwa hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa. Vita vilituvusha ziwa hadi kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko mimi na mama tukapata nafasi ya kwenda Scotland. Dada yangu mkubwa, Riziki, ambaye namwita Yaya kama dada wakubwa wanavyoitwa huku, alikuwa ameshaolewa, akarudi huku na mume wake. Kule shuleni nilipewa gongo la hoki, mchezo ambao sikuwahi hata kuusikia. Mwalimu akaniweka nyuma, beki, kwa sababu sikuukimbia ule mpira mgumu kama jiwe. Nikapanda: klabu, timu ya vijana, mwishoni timu ya taifa ya wanawake ya Scotland. Siku ya kwanza nilipovaa jezi ile ya bluu, mama alilia jukwaani mpaka watu wasiomjua wakamletea maji.

Nilijiona nimefika.

Mwaka jana mpira uliruka kutoka kwenye gongo la mshambuliaji ukanipiga usoni. Mfupa wa shavu ulipona. Jicho la kushoto halikupona vizuri. Upande wake wa nje halioni, ni giza tu. Daktari alisema naweza kucheza nikivaa kinga ya uso, ila pigo jingine linaweza kulimaliza. Kocha akaniachia niamue mwenyewe.

Nilimwambia nakuja nyumbani kufikiri. Ukweli ni kwamba nilikuja kukimbia simu zake.

Leo nilimsindikiza Yaya sokoni. Yeye hununua ndagala, yaani dagaa, kwa wavuvi, anawakausha, anawauza. Alikuwa na beseni limejaa kichwani. Tulipofika barabarani nikaangalia, nikaona njia iko wazi, nikavuka. Pikipiki ilikuja kutoka kushoto. Sikuiona kabisa. Nilichosikia ni mkono wa Yaya ukinisukuma mgongoni, kisha kishindo. Nilipogeuka alikuwa chini, na samaki wametapakaa kwenye vumbi.

Dereva alisimama akashuka. Vijana walianza kumzunguka kwa hasira, lakini Yaya akawaambia, akiwa bado amelala pale pale, wamwache, kosa si lake.

Mkono umevunjika. Hospitalini wamemfunga plasta, na tulipokuwa tumekaa kwenye benchi kusubiri dawa nikamuuliza alijuaje kwamba sikuiona ile pikipiki.

«Tangu siku ulifika najua,» akasema. «Mi natembeaka kila siku upande yako ya kushoto. Hata ile haukuiona.»

Wiki nzima tumetembea pamoja, na mimi nilidhani ninaficha.

Baadaye akataka kujua beki kazi yake ni nini hasa. Nikamweleza: ni kuona hatari kabla wenzako hawajaiona, na kuizuia. Akautazama mkono wake.

«Na kule kwenye kiwanja, nani anatembeaka upande ile?»

Nilitaka kumwambia kuhusu kinga, kuhusu daktari, kuhusu mazoezi ya kugeuza shingo. Yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa nawaza juu ya wasichana wanaocheza mbele yangu, wanaoamini kwamba nyuma yao kuna mtu anayeona.

Jioni hii nimetoka uani nikampigia kocha. Mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi nirudie sentensi ile ile mara mbili, na kuisema mara ya pili kuliuma kuliko ya kwanza. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama nina hakika.

Nikamwambia hapana, sina hakika. Nikamwambia naacha hata hivyo.

Sasa Yaya amelala, mkono wake juu ya mto. Mimi ninaandika huku nikijiuliza: je, ningeacha kama pikipiki ile ingepita bila kumgonga? Nadhani ningerudi kucheza. Hilo ndilo linalonitisha kuliko jicho.

Kesho nitaamka mtu asiye na timu. Nitaanzia hapo.